Mwaka Baba Alipokwenda Mitundu

Nyumba ya Wauguzi,
Leeds, Uingereza.
25 Machi 1973

Kaka Damiani,

Shikamoo. Mimi mdogo wako sijambo, ila baridi ya huku haijanizoea wala mimi sijaizoea. Mama hajambo? Wifi Anastazia na watoto? Mwambie wifi vitenge alivyonitumia vimefika, nimekitandika kimoja kitandani ili chumba kifanane na cha mtu.

Baba alifika salama Jumanne. Alishuka kwenye ndege amevaa makoti mawili na ile kofia yake ya ukatekista, akaniuliza kama padri wa huku anajua kwamba amekuja. Wamempa kitanda katika hospitali hii ninayofanyia kazi. Asubuhi ya kwanza alizunguka wodi nzima akiwapa mkono wagonjwa, kitanda kwa kitanda, kama anavyosimama mlangoni mwa kanisa Jumapili. Wazungu walishangaa. Sasa asipopita wanamwulizia.

Ugonjwa wake ni kama nilivyokueleza. Mishipa inayoulisha moyo imeziba, ndiyo maana akipanda hata kile kilima cha shuleni kifua kinambana. Watachukua mshipa wa mguuni waushone moyoni, damu ipate njia ya kuzunguka pale palipoziba. Wakati wanashona, moyo unasimamishwa, na mashine inafanya kazi ya moyo na ya mapafu. Nimeshuhudia, Kaka, si hadithi. Ila daktari mkuu anasema kushona si jambo linalomnyima usingizi. Linalomnyima usingizi ni siku zinazofuata, mapafu yanapotakiwa kuamka na kuipatia damu oksijeni yenyewe. Kwa wengine hayaamki vizuri: wazee, wavutaji, wanene, na waliowahi kuugua kifua. Mtu aliyepita miaka sitini hapendi kumpasua kabisa.

Kwa hiyo nakutumia fomu hii. Baba kila akiulizwa anasema, "Mwulizeni Damiani, ndiye mwenye karatasi zangu." Jaza kweli tupu: umri, tumbaku, magonjwa ya kifua. Irudishe haraka.

Ni mimi,
Theodora

*

Shule ya Msingi,
Issuna, Singida.
12 Aprili 1973

Mdogo wangu Theodora,

Marahaba. Sisi huku hatujambo. Mvua imetutendea haki mwaka huu, mtama umesimama vizuri, na ndege wameanza kuwatesa watoto shambani. Nyumba yetu katika kijiji kipya cha ujamaa imebakiza kuezekwa. Mama anagoma kuhama tembe yake ya udongo, anasema hawezi kulala katika nyumba yenye madirisha makubwa kama duka. Tunambembeleza.

Mimi nimepewa mzigo mwingine. Serikali inaanzisha kampeni ya Mtu ni Afya, kila kijiji kikundi, kila kikundi redio na kitabu, na mimi ndiye kiongozi wa kikundi chetu. Tutasoma malaria, kuhara, minyoo, kichocho, na kifua kikuu. Mzee Mazengo tayari ameniuliza kama redio itapiga na muziki.

Fomu nimeijaza. Umri: miaka hamsini na mitano. Tumbaku: hapana. Magonjwa ya kifua: hapana. Nimetia sahihi na mhuri wa shule.

Usimsumbue Baba kwa maswali mengi. Mtu mgonjwa akiulizwa sana huanza kujitafutia magonjwa. Mwambie daktari ampasue, arudi nyumbani.

Kaka yako,
Damiani Mughwai

*

Leeds, 6 Mei 1973

Kaka,

Shikamoo. Mama bado amegoma? Mwambie huku nyumba zina madirisha makubwa kuliko ya duka na hakuna mtu anayechungulia.

Fomu imefika. Miaka hamsini na mitano! Baba huyu huyu aliyetusimulia kila mavuno kwamba alitahiriwa kabla Mjerumani hajaondoka Singida? Basi alitahiriwa kabla hajazaliwa. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kisha nikaipeleka fomu kama ilivyo. Kiko chake cha tumbaku nacho nimekikuta ndani ya begi lake, kimefungwa kwenye soksi. Nimekificha kabatini kwangu. Haulizi kilipo, nami simwambii.

Wamempiga picha ya kifua. Ni ya kawaida tu. Daktari aliuliza mambo mawili matatu na mimi nikatafsiri. Alipoulizwa kama amewahi kuugua mapafu, Baba alijibu, "Nilikwenda Mitundu." Nikamwambia daktari kwamba aliwahi kukaa kijiji kinachoitwa Mitundu, na kwamba hajawahi kuugua. Unakumbuka mwaka ule alipokwenda kufundisha wakatekumeni huko? Nilikuwa darasa la tatu, shule ya masista. Nilirudi likizo mbili hayupo, na ninyi mkaniambia kazi ya Mungu haina likizo.

Watampasua tarehe 5 Juni. Mwombeeni.

Theodora

*

Issuna, 24 Mei 1973

Theodora,

Marahaba. Tumezima kuhara wiki hii, yaani tumemaliza kuisoma sura yake. Vyoo kumi na viwili vimechimbwa kijijini, kimoja kimemeza mbuzi wa Simeoni, wakamtoa mzima. Mama amehama. Alihama kimya kimya akiwa amebeba jiwe lake la kusagia kichwani, hakutaka kusaidiwa. Anasali rozari kila jioni kwa ajili ya Baba na anauliza kama huko kuna watu wa kumpikia ugali wa mtama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Hivi, Baba alisemaje hasa kuhusu Mitundu? Alisema hivyo tu? Na wewe ulitafsiri hivyo tu?

Nauliza kwa kutaka kujua, basi. Na kama daktari angependa kungoja mwezi mmoja au miwili ili aangalie kwanza mapafu, si vibaya. Hatuna haraka kiasi hicho. Mwambie.

Damiani

*

Leeds, 9 Juni 1973

Kaka Damiani,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 24 imefika jana, siku ya tatu baada ya upasuaji. Laiti ingewahi wiki moja.

Wamempasua. Moyo wake wameushona vizuri, daktari ameridhika nao. Mishipa mitatu. Alizinduka, akanishika kidole, akataka kujua kama ni asubuhi.

Ila oksijeni haitoshi katika damu yake. Siku ya pili walitoa mpira wa kupumulia wakamwekea kinyago cha oksijeni, ikapanda kidogo. Siku ya tatu ikashuka. Wanachukua damu kwenye mshipa wa mkono kila saa chache na kuipima, na kila wakirudi na karatasi naangalia nyuso zao kabla ya karatasi. Kucha zake zina weusi wa zambarau. Midomo pia. Daktari anazunguka kitanda akisema, "Kwa umri wake na kwa mtu asiyevuta, mapafu haya yalipaswa kuamka." Anarudia maneno hayo kila siku mbele yangu, kwa umri wake, kwa mtu asiyevuta. Natamani niingie chini ya kitanda.

Jana Baba aliinua kinyago kwa mkono wake. Nikafikiri anataka maji. Aliniambia jambo. Nitakuandikia siku nyingine.

Kaka, kama kuna jambo unalolijua, usiniandikie barua. Piga simu ya maandishi, nenda Singida mjini posta. Nakuomba sana.

Mdogo wako,
Theodora

*

Issuna, 22 Juni 1973

Mdogo wangu,

Hatujambo. Sina habari nyingine za nyumbani leo.

Barua yako niliipata Jumatatu. Jumanne alfajiri nilidandia lori la pamba hadi Singida mjini. Bila shaka simu yangu umeshaipata na umeshangaa. Nieleze ilivyokuwa. Karani wa posta ni Gasto, yule anayeimba besi kwaya ya parokia, ambaye Baba ndiye aliyemfundisha katekisimu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi maneno manne: BABA ALIUGUA KIFUA KIKUU. Gasto akaniambia, "Mwalimu, soma kwa sauti nihesabu maneno." Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Alikuwepo Bonaventura wa halmashauri, na wanawake wawili wa Unyambwa wanaotujua. Baba anakata roho ng'ambo ya bahari na mimi naona haya mbele ya Gasto! Niliikunja karatasi ile, nikaandika nyingine. Ndiyo uliyoipata: BABA HAKWENDA MITUNDU.

Nilitumaini utaelewa, na nilitumaini hutaelewa. Ni mpumbavu, Theodora, mimi mwenye kitabu cha kampeni mkononi.

Mwaka wa hamsini na sita Baba alikuwa akitema damu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, ndimi niliyempeleka kwa lori mpaka kwenye hospitali ya kifua kule kaskazini, milimani. Alikaa miezi tisa, sindano kila siku. Nyumbani tukasema amekwenda Mitundu kufundisha. Padri alijua, akakubali. Katekista akijulikana ana kifua, nani atamfungulia mlango? Nani angekunywa naye togwa katika kata moja ya kibuyu? Na wewe tulikuficha kwa sababu ulikuwa mtoto, ungelia shuleni na masista wangeuliza. Baadaye ukawa mkubwa na uongo nao ukawa mkubwa. Ndani ya nyumba tulizoea. Mama, mtoto akikohoa, husema, "Huyu asije akaenda Mitundu." Wewe ulidhani ni utani wa safari.

Kwa hiyo Baba hakumficha daktari. Alipoulizwa kuhusu mapafu alijibu kweli, kwa lugha ya nyumba yetu. Alidhani unajua.

Umri wake ni sitini na tano. Kiko amevuta tangu kabla sijazaliwa. Niliandika yale kwa sababu ulisema daktari hapendi waliopita sitini, nami niliogopa watamrudisha. Sikuona kifo katika fomu ile, niliona kitanda. Mwonyeshe daktari barua hii. Mwambie mkosaji ni mimi, mwalimu mzima, tena nimetia mhuri wa shule.

Niombee msamaha kwa Baba. Mwambie nitakuja kumpokea Dar es Salaam mwenyewe.

Damiani

*

Leeds, 10 Julai 1973

Kaka yangu Damiani,

Shikamoo. Mama anakula? Wifi amlazimishe hata uji.

Simu yangu mliipata, kwa hiyo unajua kwamba siku ulipokaa kuandika barua ile Baba alikuwa ameshatutoka, tangu tarehe 21 Juni, saa kumi alasiri. Tumemzika huku, katika makaburi ya Wakatoliki. Wagonjwa wawili wa wodi yake walikuja wakiwa na magongo. Mmoja alinipa mkono, akasema Baba ndiye aliyewafundisha kusalimiana asubuhi.

Barua yako sikumwonyesha daktari. Hakukuwa na haja, na nitakueleza kwa nini. Unaomba uwe mkosaji peke yako. Huwezi, Kaka.

Nilikuandikia kwamba picha ya kifua ilikuwa ya kawaida. Haikuwa ya kawaida. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na makovu, meupe, mengi. Mimi ni muuguzi, nimehudumu wodi ya kifua mwaka mzima, makovu yale nayajua. Daktari naye aliyaona, ndiyo maana aliuliza. Na Baba alipojibu, "Nilikwenda Mitundu," alinitazama. Hapo hapo nikaelewa kila kitu: zile likizo mbili, Mama akimchungulia kila mtoto anayekohoa, sahani ya Baba iliyokaa peke yake juu ya rafu mwaka mzima baada ya kurudi. Nilielewa kabla hajamaliza neno. Nikamgeukia daktari nikasema, ni kijiji, aliwahi kukaa huko, hajawahi kuugua. Daktari akasema basi labda ni kovu la homa ya mapafu ya utotoni, si kitu.

Kwa nini? Kwa sababu kama yako. Niliogopa watamrudisha nyumbani akafie njiani kwenye kile kilima cha shule. Na pia, Kaka, niseme tu, niliona haya. Wauguzi wenzangu walikuwa wamesimama pale. Sikutaka wajue kwetu kuna kifua.

Sasa lile jambo alilonieleza alipoinua kinyago. Aliniuliza, kwa pumzi ya kukatika, "Umemwambia daktari Mitundu ni wapi?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Vizuri mwanangu," akarudisha kinyago mwenyewe. Akatulia. Alikuwa na amani kwamba wanamtibu wakijua. Siku kumi na mbili zaidi nilikaa na uongo ule karibu na kitanda chake nikingoja wewe useme, ili isiwe mimi niliyesema.

Simu yako ilipofika tarehe 20 nilikwenda kwa daktari nikamwambia yote, umri, kiko, kifua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema angejua angemzuia kiko miezi miwili, angemfundisha kupumua kwa kina kabla, asingeharakisha kutoa ule mpira, au pengine asingempasua, angempa vidonge tu. Nikamwuliza, angepona? Akasema hakuna anayeweza kujua. Kuna wenye mambo hayo yote wanaoamka, na kuna vijana wazima ambao hawaamki. Nadhani alitaka kunifariji. Siku ya pili Baba alikwenda.

Kiko kiko kwangu bado, ndani ya soksi. Sijui nikipeleke wapi.

Mdogo wako,
Theodora

*

Issuna, 26 Agosti 1973

Mdogo wangu Theodora,

Marahaba. Mama anakula sasa. Watoto hawajambo, mtama tumeingiza ghalani, wa kijiji na wetu. Msiba tuliumaliza vizuri, watu walitoka mpaka Ikungi. Barua yako nilimsomea Mama yote, sikuruka mstari. Aliniambia niisome tena pale penye "vizuri mwanangu". Nikasoma. Kisha akaenda kupepeta.

Sura ya kifua kikuu nilikuwa nimeiruka mwezi wa saba. Kikundi kilifikiri ni kwa sababu ya msiba. Jumatano iliyopita haikubaki sura nyingine, ikabidi niisome. Tulikaa nje ya darasa, watu ishirini hivi, na Mama alikuja akakaa nyuma na kaniki yake ya msiba. Nikafika mahali panaposema mgonjwa asifichwe. Nikaishia hapo. Mzee Mazengo akasema, "Soma, mwalimu, au betri imekwisha?" Watu wakacheka.

Nikafunga kitabu. Nikawaambia. Nilisema Baba yangu katekista mwaka wa hamsini na sita hakwenda Mitundu, alikuwa hospitali ya kifua, miezi tisa, tukawadanganya ninyi nyote, na uongo huo tukaupeleka mpaka Ulaya, mimi kwa kalamu na mdogo wangu kwa mdomo, ukamkuta Baba kitandani. Nilikutaja, unisamehe. Nilitaka tuseme pamoja.

Hakuna aliyeguna. Nilitegemea watavuta viti nyuma. Nilitegemea mtu amtazame Mama vibaya.

Mzee Mazengo akasimama, polepole, unajua magoti yake. Akasema, "Mwalimu, mwaka ule mimi nilikwenda Mitundu kununua asali. Mama yako hapa alinipa salamu za kumpelekea baba yako, na kibuyu cha siagi. Nilirudi nikamwambia nimemwona, hajambo, anafundisha, anawasalimu wote."

Nikamwambia, "Mzee, huwezi kuwa ulimwona."

"Sikumwona. Siagi niliila kwa ugali njiani." Akamgeukia Mama. "Unisamehe, shemeji."

"Kwa hiyo ulijua hayupo kule?" nikamwuliza.

"Tulijua sote. Tulimsikia akikohoa kanisani masika nzima. Aliporudi, umewahi kuona mtu anakataa kata ya togwa baada yake?"

Nilikumbuka, Theodora. Nilijaribu kumkumbuka hata mmoja aliyekataa. Hayupo. Sahani ilitengwa kwetu tu, nyumbani mwetu.

Nikawauliza kwa nini hawakutuambia kwamba wanajua. Mzee Mazengo aliniangalia kama anavyowaangalia wanafunzi wangu.

"Ninyi mlitaka awe Mitundu," alisema. "Basi tukamweka Mitundu."

Kiko kilete ukija. Mama anakitaka.

Kaka yako,
Damiani